Kusomea usalama kazini na uhandisi wa matengenezo viwandani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa kidato cha sita, kwa mafundi walio kazini wanaotaka kurudi darasani, na kwa wazazi wanaolipa ada. Nilianza kama fundi mitambo, nikawa mhandisi wa matengenezo, na sasa nafundisha vijana wanaoingia katika fani hii. Penye msimamo wangu nimeusema wazi.

Haya ni masomo ya namna gani hasa?

Yanamwandaa mtu kusimama mbele ya mtambo na kujiuliza: huu unaweza kumdhuru nani, na kwa njia gani? Hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani? Ufanyiwe nini, lini, na nani, ili uzalishe bila kuumiza mtu? Swali la kwanza ni la usalama na afya mahali pa kazi, la pili ni la usimamizi wa vihatarishi, la tatu ni la matengenezo. Vyuo huyapa majina tofauti, na mara nyingi huyagawa katika idara tofauti, lakini kiwandani yote matatu yanakutana kwenye pampu moja, saa moja, mbele ya mtu mmoja mwenye spana.

Kwa nini usalama uchanganywe na matengenezo? Si fani mbili?

Nalijibu kwa tukio ambalo wanafunzi wangu hulisoma wiki ya kwanza.

Piper Alpha lilikuwa jukwaa la mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Scotland. Lilikuwa na pampu mbili, A na B, za kusukuma gesi iliyogeuka kimiminika. Mchana wa tarehe 6 Julai 1988 pampu A ilikuwa imesimamishwa, na mafundi wakaifungua valvu yake ya usalama ili ikapimwe. Zamu ikafika mwisho kabla haijarudishwa. Pale ilipotoka valvu wakapaziba kwa bamba la chuma, na boliti hazikukazwa kwa kiwango cha kuhimili presha. Pampu hiyohiyo ilikuwa na kibali kingine cha kazi, yaani karatasi ya ruhusa ya kuifanyia mashine kazi, cha matengenezo makubwa ambayo yalikuwa hayajaanza. Vibali viwili vya mashine moja, na havikuwekwa pamoja.

Saa 3:45 usiku pampu B ikazima na kukataa kuwaka. Bila pampu, jukwaa zima lingekosa umeme. Watu wa zamu ya usiku wakapekua karatasi, wakakuta kibali cha matengenezo makubwa, wakaona kazi haijaanza, wakaamua pampu A iwashwe. Kibali cha valvu hawakukiona. Gesi ikatokea penye lile bamba, na saa 4:00 usiku ukalipuka mlipuko wa kwanza. Pampu za maji ya kuzimia moto zilikuwa zimewekwa katika hali ya kuwashwa kwa mkono, kwa sababu wapiga mbizi walikuwa kazini na ilihofiwa wasivutwe na mabomba ya maji. Baada ya mlipuko hakuna aliyeweza kuzifikia. Kuta za chumba zilijengwa kuzuia moto, na hazikujengwa kuzuia mlipuko. Walikufa watu 167. Waliookoka ni 61.

Jaji Cullen, aliyeongoza uchunguzi, alitoa ripoti mwaka 1990 yenye mapendekezo 106, na sekta ya mafuta ya Uingereza ikabadilika. Mimi huwaomba wanafunzi watafute ndani ya tukio hilo mahali ambapo matengenezo yanaishia na usalama unaanzia. Nimelisoma kwa miaka mingi, na mpaka huo sijauona.

Kihatarishi na hatari vina tofauti gani?

Kihatarishi ni kile kinachoweza kudhuru: mvuke wa boila, amonia, waya ulio wazi, tenki lenye kina. Ukubwa wa hatari ni hesabu ya mambo mawili, uwezekano wa madhara kutokea na uzito wa madhara yenyewe. Amonia iliyo ndani ya bomba zima ni kihatarishi kilekile cha amonia inayovuja, ila ukubwa wa hatari si mmoja. Angalia kwamba kwenye nyaraka za fedha na za serikali neno kihatarishi hutumika kwa maana pana zaidi, hivyo ukikaa kwenye kikao chenye wahasibu na wahandisi, kubalianeni kwanza mnasema nini.

Nahitaji kuwa nimesoma nini sekondari?

Fizikia na hisabati, na kemia ikiwezekana. Kwa shahada ya uhandisi Tanzania, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) ndio njia iliyonyooka. Ukiwa umemaliza kidato cha nne, unaweza kuanzia VETA au cheti na stashahada katika chuo cha ufundi, kisha ukapanda. Njia hiyo ni ndefu, lakini wahitimu wake wengi huja chuo kikuu wakiwa wameshashika mashine, na tofauti inaonekana siku ya kwanza karakana. Masharti ya kila chuo hubadilika, kwa hiyo soma mwongozo wa udahili wa mwaka wako, wa TCU kwa shahada na wa NACTVET kwa vyuo vya kati.

Vyuo gani?

Upande wa uhandisi mitambo na wa viwanda kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) na Chuo cha Ufundi Arusha. Upande wa afya ya mfanyakazi kuna Muhimbili, MUHAS. Kenya, JKUAT ina shahada ya uzamili ya usalama na afya kazini. Ushauri wangu: ukiwa na uwezo wa kuchagua, soma kwanza uhandisi wenyewe, halafu ubobee kwenye usalama. Afisa usalama asiyejua beringi inafanyaje kazi atazungushwa na mafundi mpaka achoke.

Kuna hisabati nyingi?

Ipo, lakini ni ya kutumia, na wengi waliochukia hisabati sekondari huipenda hapa kwa sababu namba zinatoka kwenye kitu wanachokiona.

Chukua pampu moja. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Pampu imeharibika mara 3, na kwa jumla imesimama saa 36. Maana yake imefanya kazi saa 684. Gawanya kwa 3: wastani wa muda kati ya hitilafu na hitilafu ni saa 228. Gawanya 36 kwa 3: wastani wa muda wa kuitengeneza ni saa 12. Upatikanaji wa pampu, yaani sehemu ya muda ambayo iko tayari kwa kazi, ni 684 kwa 720, sawa na asilimia 95.

Meneja akikuambia anataka upatikanaji zaidi, una milango miwili: pampu iharibike kwa nadra, au itengenezwe haraka. Mara nyingi mlango wa pili ndio wa bei nafuu. Ukichunguza zile saa 12 utakuta saa 2 za kazi ya spana na saa 10 za kusubiri sili, kipuri cha kuzuia mvujo, kutoka mjini. Basi dawa yake iko stoo.

Sasa weka pampu ya pili kando ya ya kwanza, moja ikiwa inatosha kwa kazi. Uwezekano wa zote mbili kuwa zimekufa kwa pamoja ni 0.05 mara 0.05, yaani 0.0025. Upatikanaji unapanda hadi asilimia 99.75. Hapo ndipo wanafunzi hutabasamu, na hapo ndipo mimi huuliza: pampu zote mbili zinapata umeme kwenye kebo ngapi? Ikiwa ni kebo moja, ile hesabu nzuri imekufa, kwa sababu imechukulia kwamba kila pampu inaharibika kivyake. Katika kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, Machi 2011, kulikuwa na majenereta ya dharura 13. Maji ya bahari yalipoingia likabaki moja tu linalofanya kazi. Wingi wa akiba haukusaidia, kwa kuwa akiba yote ilikuwa mbele ya wimbi lilelile.

Tutajifunza mbinu gani za kuchambua hatari?

Nyingi, ila nne utazitumia maisha yako yote. Ya kwanza ni tathmini ya vihatarishi ya kawaida, unayoifanya kwa miguu yako, kituo hadi kituo, ukiwa na fomu mkononi. Ya pili ni HAZOP, iliyokuzwa na wahandisi wa kampuni ya kemikali ya ICI huko Uingereza miaka ya 1960. Watu wa fani tofauti hukaa mezani na mchoro wa mtambo, wanachukua bomba mojamoja na kuuliza: mtiririko ukiwa mwingi? Ukiwa mdogo? Usipokuwapo? Ukirudi nyuma? Inachosha, na huwezi kuifanya vizuri kwa zaidi ya saa chache kwa siku. Lakini nimeona swali la "ukirudi nyuma" likifichua valvu iliyosahaulika tangu mtambo ujengwe.

Ya tatu ni mti wa hitilafu, uliozaliwa Bell Labs, Marekani, mwaka 1962. Unaanza na balaa juu, tuseme boila kupasuka, unashuka chini ukiuliza ili hili litokee ni lazima nini kitokee. Matawi yanaunganishwa kwa malango mawili, la "na" na la "au". Lango la "na" ni rafiki yako, kwa kuwa linataka mambo mawili yaharibike pamoja. Lango la "au" ndilo la kuogopa. Ya nne ni uchambuzi wa namna za kuharibika, ambao huorodhesha kila kipuri: kinaweza kufa vipi, kikifa nini kitatokea, na tutajuaje mapema.

Kinga si bora kuliko tiba? Kwa nini tusibadilishe vipuri vyote mapema?

Swali hili nalipenda, kwa sababu jibu lake liliwashangaza hata waliolitafuta. Mwaka 1978 Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la United Airlines walitoa ripoti kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Walichunguza vipuri vya ndege vinaharibikaje kadiri vinavyozeeka. Wengi walidhani kila kipuri kina umri wake, kikifika hapo kinachoka, basi kitolewe kabla. Waligundua kwamba ni asilimia 11 tu ya vipuri vilivyoonyesha dalili ya kuchakaa kwa umri kiasi cha kufaidika na ukomo wa muda. Asilimia 68 vilikuwa na tabia nyingine kabisa: hatari yake kubwa ni pale vinapokuwa vipya, baada ya kufungwa tu, kisha vinatulia.

Fikiria maana yake kwa fundi. Kila unapofungua mashine iliyotulia, unairudisha kwenye utoto wake. Sili inaweza kukaa upande, uchafu ukaingia kwenye beringi, boliti moja ikasahaulika. Kwa hiyo matengenezo kinga yanayofaa ni yale yanayojua yanazuia nini. Mkanda unaochakaa kwa msuguano, ubadilishe kwa saa zake. Mafuta ya giaboksi, fuata ratiba. Beringi ya mota, isikilize, ipime mtetemo na joto, uiache ifanye kazi mpaka ianze kusema.

Nawe utakutana na msimamizi anayejivunia kuvua kila kitu kila mwezi. Mwonyeshe kumbukumbu za hitilafu wiki moja baada ya kila matengenezo makubwa. Namba zitamweleza vizuri kuliko wewe.

Kwa nini kwenye mafunzo mnasisitiza sana kufuli?

Kwa sababu niko hai.

Nilikuwa na miaka michache kazini, katika kiwanda kidogo cha chakula cha mifugo. Mimi na fundi wa kuchomelea tuliingia ndani ya pipa la kuchanganyia, lenye mapanga ya chuma marefu kama mkono, kuziba ufa. Kabla ya kuingia nilishusha swichi kubwa kwenye chumba cha umeme, upande wa pili wa jengo, nikaning'iniza kipande cha boksi nilichoandika kwa makaa: USIWASHE. Nilijiona mwangalifu. Tukiwa ndani umeme wa jengo zima ukakatika, ukarudi baada ya muda. Mtu mmoja akapita chumba cha umeme kuangalia kama swichi zote ziko juu. Boksi langu lilikuwa limeanguka chini, uso umelala sakafuni. Akapandisha swichi.

Pipa halikuzunguka, kwa sababu lilihitaji kubonyezwa kitufe kilichokuwa hapo mlangoni. Kilichotokea ni kwamba kwenye paneli, hatua moja kutoka usoni pangu, taa ndogo ya kijani ikawaka. Niliitazama. Mwenzangu aliyekuwa ameinama akaona nimenyamaza, akageuka, naye akaiona. Tulitoka bila kusemezana. Jioni ile nilinunua kufuli ya shaba dukani, na ufunguo wake nikaufunga kwenye mkanda wa suruali. Nimekwisha badilisha kufuli kadhaa tangu siku hiyo. Mkandani ufunguo haujawahi kukosekana.

Utaratibu wenyewe utaufundishwa hivi: tambua vyanzo vyote vya nishati, vizime, kila anayeingia aweke kufuli yake na lebo yenye jina lake, toa nishati iliyobaki, kisha jaribu kuwasha ili uhakikishe haiwaki. Hatua mbili za mwisho ndizo zinazorukwa. Umeme ukishakatwa, bado kuna hewa iliyobanwa kwenye mabomba, springi iliyokazwa, mvuke, chuma kizito kilichoinuliwa kwa haidroliki. Na kufuli moja ya msimamizi kwa niaba ya watu watano haitoshi. Watu watano, kufuli tano.

Helmeti, buti na glavu havitoshi?

Ni ngazi ya mwisho. Kuna mpangilio unaokubalika duniani kote: kwanza ondoa kihatarishi, ukishindwa kibadilishe kwa kingine chepesi, ukishindwa kitenge kihandisi kwa kizuizi au kifyonza vumbi, kisha weka taratibu na mafunzo, na mwisho kabisa mvishe mtu vifaa kinga. Kiwanda kinachoanza na barakoa na kuacha vumbi lilivyo kimeanza mkiani. Barakoa huchoka, huvuliwa wakati wa joto, haikai vizuri kwenye ndevu. Kifyonza vumbi kikifungwa na kutunzwa hakivuliwi na mtu.

Usafi nao ni somo la uhandisi?

Ndiyo, na wanafunzi wanaotoka maeneo ya viwanda vya sukari na vya unga wanisikilize hapa. Tarehe 7 Februari 2008, kiwanda cha Imperial Sugar huko Port Wentworth, jimbo la Georgia, Marekani, kililipuka na kuua watu 14. Hakukuwa na baruti. Ilikuwa sukari. Konveya ya kupitishia sukari ilikuwa imefunikwa kwa mabati, vumbi likakusanyika ndani, na wachunguzi walisema huenda kilichowasha ni beringi iliyopata joto kupita kiasi. Mlipuko wa kwanza ukatikisa jengo, vumbi lililokuwa limelala kwa miaka juu ya mihimili na sakafu likapanda hewani, na hilo ndilo lililowaka na kuleta milipuko iliyofuata. Vumbi la sukari, la unga wa ngano na la mbao, likitawanyika hewani kwa kipimo fulani na kukuta cheche, hufanya hivyohivyo. Ukiona vumbi juu ya mhimili limekuwa nene kiasi cha kuandika jina lako kwa kidole, hiyo ni kazi yako.

Fundi mzoefu hawezi kubadilisha kitu kidogo bila mchoro na sahihi?

Uzoefu nauheshimu sana, na mimi nimelelewa na mafundi wasiojua kusoma michoro. Lakini mabadiliko "madogo" yana historia yake. Katika kiwanda cha kemikali huko Flixborough, Uingereza, mwaka 1974, mtambo mmoja kati ya sita iliyopangwa mfululizo ulipata ufa. Ili uzalishaji usisimame, waliutoa na kuunganisha jirani zake kwa bomba la muda. Mchoro wake ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Nafasi ya mhandisi wa kiwanda ilikuwa wazi wakati huo, na hakuna aliyekokotoa nguvu ambazo bomba lile lingezibeba. Tarehe 1 Juni likaachia, wingu la kemikali likawaka, watu 28 wakafa. Ilikuwa Jumamosi, ofisi zilikuwa tupu, la sivyo wangekufa wengi zaidi. Tangu hapo usimamizi wa mabadiliko ni somo kamili. Fundi mzoefu na awe wa kwanza kuitwa mezani, na mchoro utiwe sahihi kabla ya bomba kufungwa.

Sheria gani nitapaswa kuzijua?

Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala ulioanzishwa 2001. Inataka maeneo ya kazi yasajiliwe na kukaguliwa, na wafanyakazi wawe na wawakilishi wao wa usalama. Fidia kwa aliyeumia au kuugua kutokana na kazi iko chini ya WCF, mfuko uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi 2015. Zanzibar ina sheria yake ya usalama na afya kazini ya mwaka 2005. Kenya ina ya mwaka 2007, inayotaka kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi na ukaguzi wa usalama angalau mara moja kila miezi 12.

Juu ya hizo kuna mikataba ya Shirika la Kazi Duniani, ILO. Mkataba Na. 155 wa mwaka 1981 ndio wa kuusoma wote, si mrefu. Juni 2022 shirika hilo liliongeza mazingira salama na yenye afya kazini katika haki za msingi za mfanyakazi, sambamba na uhuru wa kuunda chama na marufuku ya kazi za shuruti. Viwango vya hiari utavisikia sana pia, hasa ISO 45001 ya mwaka 2018, ya usimamizi wa usalama na afya kazini.

Cheti cha NEBOSH kinatosha bila shahada?

NEBOSH ni bodi ya mitihani ya usalama kazini ya Uingereza. Cheti chake kinatosha kuanzia kazi ya afisa usalama, na waajiri wengi wa migodi, ujenzi na mafuta hukiuliza, Tanzania na kwa wanaokwenda Oman na nchi za Ghuba. Hakikufanyi kuwa mhandisi. Ukiwa na shahada ya uhandisi, Tanzania utajisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, ukianza kama mhandisi mhitimu na kufanya kazi chini ya usimamizi kabla ya kuwa mhandisi mtaalamu. OSHA nayo huendesha kozi fupi, na kwa fundi aliye kazini mimi ningeanzia hapo kabla ya kutumia fedha nyingi nje.

Binti yangu anataka kusomea haya. Kazi si ngumu kwa mwanamke?

Mzazi, mruhusu. Mashine nzito inainuliwa kwa winchi, na yeyote anayeiinua kwa mgongo, awe mwanaume au mwanamke, tayari amekosea. Hofu yako ya haki iwe juu ya mambo mengine: uliza kiwanda atakachokwenda mafunzoni kina vyoo na vyumba vya kubadilishia nguo vya wanawake, na vifaa kinga vinavyomtosha kwa saizi. Glavu kubwa kupita mkono huvutwa na mashine. Ovaroli lililopwaya vilevile.

Mafunzo kwa vitendo niyafanyie wapi?

Popote penye mashine inayozunguka, presha, au joto. Kama uko Mwanza, viwanda vya minofu ya sangara vina mitambo ya kugandisha, na ile inayotumia amonia ni shule kamili ya sili, vihisi na mpango wa dharura. Amonia ni nyepesi kuliko hewa, lakini ikivuja ikiwa baridi pamoja na unyevu hutambaa chini kama ukungu, kwa hiyo usimwamini anayekuambia itapaa yenyewe. Ukiwa Tanga, nenda mashamba ya mkonge ukaione korona, mashine ya kutoa nyuzi, inavyokamua majani. Simama upande wanakolishia kwa saa nzima, hesabu ni mara ngapi mkono wa mtu unakaribia roli, kisha uchore kizuizi ambacho kingeufanya usifike bila kupunguza kasi ya kazi. Kwenye viwanda vya sukari vya Kilombero au TPC Moshi utakuta boila zinazochoma makapi ya miwa. Shughuli kubwa za nchi nazo zinahitaji watu hawa: bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, reli ya kisasa, bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Ujenzi huisha, ila kutunza ni kwa miongo.

Wiki ya kwanza usiguse kitu. Omba kitabu cha kumbukumbu za hitilafu na ukisome kuanzia mwaka uliopita. Kisha kaa na fundi mkongwe zaidi karakana, umwite mzee au mama kama anavyostahili, na umuulize ni mashine gani anaiogopa. Hakuna ripoti itakayokupa jibu zuri kama hilo.

Nikiona hatari na bosi hataki kusikia, nifanye nini?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, na mwenye kuuliza mara nyingi tayari ana kitu alichokiona.

Anza kwa kukiandika siku hiyohiyo: tarehe, saa, mashine, ulichokiona, picha kama inaruhusiwa. Andika kwa namna ambayo mtu asiyekuwapo ataelewa. "Kizuizi cha mkanda wa konveya namba 2 hakipo, boliti nne zimekatika, watu wanapita sentimita 30 kutoka kwenye roli" ni taarifa. "Hali si salama" si taarifa. Mpelekee msimamizi wako wa karibu kwanza, kwa heshima, ukiwa na pendekezo na gharama yake. Mwenye kiwanda anayesikia kwamba kizuizi kitachukua nusu siku ya fundi na bati moja husikiliza tofauti na yule anayesikia malalamiko. Asipojibu, peleka kwa mwakilishi wa usalama au kamati, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Baada ya hapo ni mamlaka: OSHA, au Kenya idara ya serikali ya usalama na afya kazini, DOSHS.

Ikiwa hatari ni kubwa na ni ya sasa hivi, unaambiwa uingie tenki ambalo hewa yake haijapimwa, usiingie. Mkataba Na. 155, kifungu cha 13, unataka mfanyakazi aliyejiondoa penye hatari kubwa ya papo kwa papo, akiwa na sababu za msingi, alindwe asiadhibiwe. Najua kijana wa mafunzo, mwenye mkataba wa miezi miwili na nauli ya kuunga, anasikia kifungu hicho kama kitu cha mbali. Kwa hiyo jifunze namna ya kukataa isiyomvunjia mtu heshima: "Mzee, naomba tupime hewa kwanza, kipimo nitakileta mimi." Kisha kilete.

Na mwenzako akishaanguka ndani ya tenki, usiruke kumfuata. Katika maeneo finyu, mara nyingi anayekufa wa pili ni mwokoaji. Paza sauti, ita kikosi chenye mitungi ya hewa, na kama alivaa mkanda wenye kamba, mvute ukiwa nje.